Msitu Ulipokuwa Mwekundu

Kaptura yangu ya shule ilikuwa ya buluu, na ndiyo nguo pekee niliyokuwa nayo isiyo na kiraka makalioni. Ndiyo niliyovaa alfajiri ile ya Septemba 1983, mjomba alipogonga dirisha na kuniambia niamke twende porini. Aliiangalia, akatabasamu, akanikabidhi kibuyu cha maji. Sikujua anatabasamia nini. Nilijua jua lilipochomoza, mbung'o walipoanza kunishukia mapajani mmoja baada ya mwingine, huku yeye na suruali yake ya kaki iliyopauka anatembea mbele kama bwana harusi. Mbung'o hupenda buluu na nyeusi kuliko rangi nyingine. Mitego yao hadi leo hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Mjomba alilijua hilo bila kusoma popote. Siku nzima nilikuwa mtego wake unaotembea.

Kaniha, kijiji chetu, wakati ule ilikuwa mistari ya nyumba za udongo iliyopangwa wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974. Nyuma ya nyumba mashamba ya mihogo, nyuma ya mihogo pori. Hatukuliita msitu. "Msitu" lilikuwa neno la bwana miti, mtu wa Biharamulo mjini aliyekuja na baiskeli na daftari. Sisi tulikuwa na pori, na hatukujua linaishia wapi: upande mmoja lilikwenda kuelekea Kahama, upande mwingine kuelekea mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi, waliko tembo na simba. Hata mkoa wenyewe ulikuwa umeitwa Kagera kwa miaka michache tu. Wazee bado walisema Ziwa Magharibi.

Safari yetu haikuwa na sababu kubwa, na ndiyo maana ninaikumbuka. Mjomba alikuwa mrina asali. Mizinga yake kumi na miwili ilikuwa imetundikwa katika bonde moja, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka nyumbani, na mtu mwenye haraka angeikagua na kurudi kabla jua halijawa kali. Sisi tuliondoka gizani tukarudi gizani. Kijijini kwetu mtu mzima hatembei tu. Ukionekana njiani mikono mitupu, utaulizwa msiba uko wapi. Kwa hiyo mjomba alibeba shoka, kamba na kapu, vitu ambavyo havikuguswa hadi alasiri. Vilikuwa kibali chake cha kutembea. Ukubwani nimekuja kufikiri kwamba hata mizinga ilikuwa kisingizio. Alipapenda kule, basi. Lakini mwanamume wa Kaniha angemwambiaje mkewe kwamba anakwenda kutazama miti?

Na ilikuwa miti ya kutazamwa. Mtu aliyezoea nchi ya mvua nyingi, Bukoba kwa mfano, hudhani mti huchipua mvua ikinyesha. Mtundu, mti wa pori letu, hausubiri. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imepasuka na majivu ya moto wa nyika bado yako chini, mitundu hutoa majani mapya kwa maji iliyojiwekea yenyewe shinani na yale ambayo mizizi yake huyafuata chini sana. Majani hayo hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu: mengine kama divai, mengine kama shaba iliyosuguliwa, mengine kama kiganja cha mtoto mchanga. Hukaa hivyo kwa majuma machache tu, kisha hugeuka taratibu, na mvua zikija zinakuta kazi imekwisha. Asubuhi ile tulipofika juu ya kilima cha kwanza, jua likitokea mgongoni kwetu, bonde lote lilikuwa linawaka bila moshi. Mjomba akasimama. Nikadhani ameona nyoka. Alisimama pale muda wa kumaliza sigara moja, na hakuwa mvutaji.

Alikuwa anasimama hivyo mara kwa mara. Mwanzoni nilimgonga mgongoni kila aliposimama, baadaye nikazoea mwendo wake. Kulikuwa na mlio mmoja ulionirusha: pa! kama fimbo inavyovunjika, halafu kitu kikaanguka kwenye majani makavu hatua kadhaa mbele. Nikamshika shati. Yalikuwa maganda ya mtundu. Joto likizidi, ganda hujikunja, likapasuka lenyewe na kuzirusha mbegu mbali na mama yake. Baada ya kuambiwa hivyo, nilizisikia kila upande, pa, pa, pori zima likijipanda lenyewe huku sisi tukipita katikati.

Saa nne hivi mlembe akatupata. Nasema akatupata kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anatafuta mtu. Ndege mdogo wa rangi ya vumbi, huwezi kumgeukia mara mbili, ila mdomo wake hauna adabu: alikaa tawi la mbele yetu akapiga kelele, akaruka, akasubiri, akatupigia tena. Mjomba akamjibu kwa mluzi wake mwenyewe na tukamfuata, tukaiacha njia yetu kabisa, hadi kwenye shimo la mti mkavu ambamo nyuki walikuwa wanaingia na kutoka. Ilituchukua karibu saa nzima, moshi na kila kitu. Kabla hatujaondoka mjomba alichukua kipande kizima cha sega na kukiweka juu ya jiwe. "Usimdhulumu huyu, mpwa. Ukimdhulumu, siku nyingine atakupeleka kwa chui." Nimekuja kusoma baadaye kwamba mlembe ni mmoja wa ndege wachache sana wanaoweza kumeng'enya nta, ila kuvunja mzinga peke yake hawezi. Sisi asali, yeye nta. Mikataba mingi niliyoshuhudia ofisini katika maisha yangu haikuwa safi kama huo.

Mchana tulikaa chini ya mninga. Nilikuwa sijawahi kuangalia mninga kwa karibu. Nilijua tu kwamba kitanda cha bibi kilitokana nao. Mjomba akachomoa kisu, akakwaruza gome kwa urefu wa kidole, akaniambia nisubiri. Utomvu ukatoka. Ulikuwa mwekundu kama damu, mzito, ukateremka polepole. Alinichovya kidole na kunipaka kwenye vidonda vya mbung'o mapajani, akisema ni dawa. Kama ilikuwa dawa kweli sijui, lakini nilinyamaza, maana nilikuwa nimeogopa. Mtoto hategemei mti utoke damu.

Kisha tukala viazi vitamu vilivyopoa na asali mpya ya mlembe, na mjomba akalala. Ndiyo, alilala, kofia usoni, saa saba ya mchana, siku ya kazi. Nilikaa pale nikimfukuzia mbung'o kwa tawi na kuhesabu mavi ya tembo yaliyokauka kando ya njia. Sijawahi tena kumwona mtu mzima wa kwetu akilala mchana bila kuwa mgonjwa.

Alinitajia miti yote tuliyopita, kwa Kisubi, na kila mmoja alinieleza kazi yake: huu kwa mpini wa jembe, huu kwa tumbo la mtoto, huu usiuchome kuni nyumbani mwako. Nilimwambia nimeshika. Sikushika. Leo nimebaki na majina ya Kiswahili tu: mninga, mkurungu, mkora, mtundu. Nilipoyaandika hapa ndipo nilipogundua kwamba ni majina ya mbao. Ni yale unayoyasikia kwa muuza mbao, ukiuliza bei kwa futi.

Kuhusu uyoga nitasema kwa kifupi, ingawa mama yangu angetaka niseme zaidi. Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake na watoto waliingia chini ya mitundu na kutoka na vikapu. Uyoga ule haupandwi. Huishi kwenye mizizi ya mitundu na jamaa zake, unaupa mti maji na chumvichumvi za udongo, nao mti unaulipa kwa sukari. Ukikata mti, umekata na uyoga. Hilo sikufundishwa na mjomba wala shule. Nilifundishwa na soko la Kaniha, siku moja Novemba nilipouliza uyoga na muuzaji, msichana wa miaka kumi na tano hivi, akanionyesha ule mweupe wa kupandwa kwenye mifuko.

Watu huuliza pori lile lilikuwa linalindwa na nani. Bwana miti na daftari lake? Hapana. Lilikuwa linalindwa na mbung'o. Mbung'o alileta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na Waingereza katika miaka ya 1920 na 1930 waliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vichakani na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu yake. Pori likajifunga nyuma yao. Katika miaka yangu ya utotoni ng'ombe hawakuweza kukaa kule hata msimu mmoja. Baadaye dawa za nagana, Berenil na Samorin, zikawa zinapatikana hadi kwenye maduka ya vijijini, mifugo ikaja kwa mamia kutoka Usukumani, na mti mmoja mmoja vivuli anamozalia mbung'o vikaondoka. Nilipigwa na mbung'o siku nzima nikamlaani. Sikujua namlaani mlinzi wa geti.

Mwaka 1994 tulipata wa kumlaumu. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Watu wale walikimbia kifo, na walihitaji kupika. Vilima vya Ngara vikanyolewa. Mimi nilikuwa Mwanza tayari, karani, na nilisema kama walivyosema wote: wakimbizi wamemaliza msitu. Lakini Benaco siyo Kaniha. Ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Tuliwasingizia hata miti ambayo macho yao hayakuwahi kuiona. Wanyarwanda waliondoka Desemba 1996, na miti ya kwetu ikaendelea kupungua mwaka 1997 na 1998 bila msaada wao.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Baada ya miaka ile, pori likawa la majambazi. Mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki, abiria wakalala chini viti vikiwa vitupu. Neno "pori" likabadilika mdomoni mwa watu. Mama aliyekuwa akienda kule kutafuta uyoga sasa alitaka lifyekwe hadi barabara ionekane. Ukiwaonyesha watu wa namna hiyo shamba la mahindi mahali palipokuwa na mitundu, hawaoni hasara. Wanaona usalama. Siwezi kuwabishia.

Na dhahabu. Mgodi wa Tulawaka, kule Mavota katika kata yetu ya Kaniha, ulianza uzalishaji mwaka 2005, ukapita mikononi mwa serikali mwaka 2013 na leo unaitwa Stamigold. Huo una uzio na hesabu zake. Ninaowajua mimi zaidi ni wachimbaji wadogo, ndugu zangu wakiwemo. Duara, yaani shimo la mchimbaji, haliendi chini bila matimba, nguzo za kushikilia kuta zisimwangukie mtu, na matimba hayatoki dukani. Juu ya hayo mkaa: magunia yamepangwa kando ya lami, midomo imefungwa kwa majani, yanasubiri lori. Ukitaka kujua yanakwenda wapi, angalia jiko la nyumba yako.

Basi na mimi niangalie ya kwangu.

Mwaka 1999 nilijenga Mwanza. Nilitaka milango ya mninga, maana mchwa hali mninga, na pia, niseme ukweli, kwa sababu mkubwa wangu wa kazi alikuwa nayo. Mbao halali zilikuwa ghali. Dereva mmoja wa lori, mtu wa njia ya Lusahunga, akaniambia atanipatia kwa nusu ya bei, na hata akanitajia bonde zilikopasuliwa. Nililijua bonde lile. Nilikaa mchana chini ya miti yake. Mbao zikafika usiku chini ya magunia ya maharage, hazina alama ya nyundo ya maliasili hata moja, nikazipokea kwa tochi.

Mjomba alikuja kutibiwa macho miaka miwili baadaye, akafikia kwangu. Hakuna aliyewahi kuusalimia mlango ule kama alivyousalimia yeye. Kabla hajaingia aliweka kiganja juu ya ubao, akakisogeza polepole kutoka juu hadi kwenye kitasa, kwa sababu hakuwa anaona vizuri tena. Akaunusa.

"Huyu alikuwa mkubwa," akasema. "Wa wapi?"

"Wa Tabora, mjomba."

"Ahaa. Tabora."

Akaingia ndani, tukanywa chai. Alifariki mwaka 2006, na katika miaka mitano ile hakuuliza tena. Siyo kwamba aliniamini.

Mpwa wangu anaishi California. Mwaka juzi alinitumia video akitembea katika Muir Woods, hifadhi ya miti mirefu ya mbao nyekundu iliyotengwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1908. Miti ile inatisha. Mrefu kuliko yote, ulioko kaskazini zaidi katika jimbo hilohilo, unazidi mita 115. Wetu mrefu kuliko yote unaojulikana, mkukusu mmoja wa mabonde ya Kilimanjaro, umepimwa mita 81 na nusu. Mninga wetu hauwezi hata kusogelea huko. Ukifika mita ishirini umejitahidi. Lakini siyo urefu ulionishika. Ni watu waliokuwa kwenye video. Walikuwa wanatembea polepole, wanasimama, wanaangalia juu midomo wazi, mikononi hawana shoka wala kapu, na hakuna aliyewauliza msiba uko wapi. Wamelipa kiingilio ili watembee kama mjomba. Mpwa akanieleza pia kwamba sehemu kubwa mno ya miti mikongwe ya namna ile ilikatwa kabla watu hawajashtuka. Iliyobaki ni kama mitano katika kila mia. Walikata kwanza, ndipo wakajenga geti.

Na sisi tunalo geti sasa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Ninafurahi. Nasema hivyo bila kejeli, kwa kuwa huko mitundu bado inawaka Septemba, na mtoto wa Kaniha mwenye kiingilio anaweza kwenda kuiona, akisindikizwa na askari mwenye silaha kama anataka kutembea kwa miguu. Wilayani Chato, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Biharamulo yetu, kuna pia shamba la miti la Silayo, paini zimesimama mistarini kama wanafunzi wa paredi. Linapendeza kwa namna yake. Lakini sijasikia kwamba kuna mlembe anayemwita mtu ndani ya paini.

Septemba 2022 nilirudi Kaniha kwa msiba, na siku ya tatu nikachukua bodaboda. Kijana hakuwa amefikisha miaka ishirini. Nikamwambia nataka kwenda bondeni, nikamweleza kilima, akasema, "Kumbe kwenye mahindi! Panda, mzee." Dakika arobaini. Njia ni pana, ng'ombe wanaipita, kuna duka la vocha mahali mlembe alipotupatia. Nilimsimamisha juu ya kilima kilekile. Chini kulikuwa na mabua makavu ya mahindi, mihogo, nyumba tano za bati, na visiki. Jembe la ng'ombe huvizunguka, kwa hiyo bado vipo vingi.

Nilishuka kwa miguu hadi kwenye visiki vya kwanza. Mtundu ukikatwa haufi upesi; mizizi iko hai chini, na kila mwaka hujaribu tena. Machipukizi yalikuwa yanafika magotini. Yalikuwa mekundu, rangi zote zile, divai, shaba, kiganja cha mtoto, hapa kichaka kimoja, kule kingine, shamba zima. Wenye shamba huyafyeka wakati wa kulima. Nikasimama. Nadhani nilisimama muda mrefu, maana kijana alizima pikipiki, akashuka, akaja nyuma yangu kuangalia ninachoangalia.

"Mzee, kwani hapa kulikuwa na nini?"

"Pori," nikamwambia.

Akaangalia visiki, akaangalia simu yake. Tulipofika kijijini alinidai shilingi elfu kumi za kwenda na kurudi, na elfu tatu za kunisubiri nikiwa nimesimama.